Trekta Lililovuliwa Nguo za Kazi

Wendell Aamodt alirudi nyumbani Ijumaa alasiri akiwa na mambo matatu kichwani: kwenda msalani, kunywa kahawa, na kulitazama trekta la marehemu baba yake kabla ya maonyesho ya kesho yake. Alianza na la tatu, kama kawaida yake. Alipofungua mlango wa banda, mkewe na binti yake wakiwa nyuma yake, yale mawili yalimtoka akilini.

Trekta lilikuwa jekundu.

Lilikuwa jekundu la kung'aa, jekundu la kuumiza macho, kama midomo ya mwanamke aliyejipamba kwa ajili ya harusi ya mume wake wa zamani. Rimu zilipigwa rangi ya fedha. Matairi yalisuguliwa hadi yakawa meusi tii. Kando ya trekta alisimama Garrett Pruitt, mchumba wa binti yake, mikono nyuma, anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Haya, mnaonaje?"

Wendell alikuwa ameondoka kwa siku nne tu. Alikwenda mjini Duluth na mkewe Marlys na binti yao Krista, kumwuguza dada yake Marlys aliyebadilishwa nyonga, wakamwachia Garrett mbwa, kuku na funguo za kila kitu.

"Nimelifanya mwenyewe," Garrett aliendelea. "Nilichukua likizo kazini. Msasa peke yake siku mbili. Nilisugua hadi kwenye chuma. Hakuna hata chembe ya kutu iliyobaki, Bwana Wendell. Hata moja!"

Marlys alishika ukingo wa mlango. Krista alipauka. Wendell alifungua mdomo, na Krista akamkanyaga mguu, tena kwa kisigino.

"Ni... tofauti," Wendell alisema.

"Asante sana!" alisema Garrett, na macho yakamlengalenga kwa furaha.

Alizaliwa Arizona, tumsamehe. Hapa kwetu Hegre, Minnesota, hatuna neno baya kupita "tofauti." Chakula kikiwa hakiliki, tunasema ni cha tofauti. Mchungaji akihubiri upuuzi, tunamshika mkono mlangoni na kumwambia mahubiri ya leo yalikuwa ya tofauti. Sifa yetu kubwa kabisa ni "si mbaya," na hiyo tunaitoa kwa kipimo, kama dawa.

Sasa, kwa watu wengine wote duniani, mtu akikupakia trekta lako rangi bure unamkumbatia. Lakini maonyesho yetu ya matrekta ya kale yana mambo yake. Si maonyesho makubwa: matrekta sitini hivi, hema la pai, hema la kahawa, choo kimoja chenye foleni, na watu wanaofahamiana hadi majina ya ng'ombe. Wageni wa mijini huuliza tunaona raha gani. Tunakaa kwenye viti vya kukunja nyuma ya matrekta yetu na kusikiliza injini zikikohoa. Mtu anapita, anainama, anachungulia chini ya tangi, anasema, "Hm." Unamjibu, "Ndiyo." Hayo ni mazungumzo ya kumtosha mtu asubuhi nzima, na ukirudi nyumbani unajisikia umependwa. Raha gani nyingine mtu anaitaka?

Na shindano linaloheshimiwa kuliko yote si la trekta zuri. Matrekta yaliyopakwa rangi upya yana safu yao kule karibu na choo. Shindano lenyewe linaitwa Nguo za Kazi. Trekta linaletwa kama lilivyotoka shambani, na kutu yake, na grisi yake, na vumbi la watu waliokwisha kufa. Anayeshinda hufungwa utepe wa bluu, na mwaka unaofuata trekta lake ndilo linaloongoza gwaride. Wendell alikuwa ameshinda mara kumi na moja mfululizo. Kila masika aliipaka kutu ile mafuta ya kitani kwa brashi laini, polepole, ili isidondoke. Ndani ya sanduku la spana kulikuwa na kiota cha ndege cha mwaka 1992, na ole wake mtu atakayekigusa. Wageni walipokuja, alikuwa akiweka kiganja juu ya boneti na kusema, "Hii kutu ni jasho la baba yangu." Wanawake walikuwa wanafuta machozi. Kulikuwa na sehemu ya historia hiyo ambayo Wendell huiruka, lakini hakuna aliyewahi kumwuliza.

Jikoni, Garrett alipokwenda kuoga, Krista alifunga mlango.

"Baba, usiseme neno."

"Sijasema neno."

"Ulitaka kusema."

"Krista, amelichubua! Kutu ya miaka yote ile! Ni sawa na mtu kuingia kanisani akamnyoa mchungaji ndevu wakati anaomba. Na kiota kiko wapi?"

"Ametupa kiota."

Wendell alikaa chini.

"Sikiliza," Krista alisema. "Yule daktari wa meno ulimfokea kwa sababu aliegemea madigadi. Yule mpiga kinanda ulimwambia mwanamume asiyejua kupiga hendeli ya kuwashia trekta hajui kupiga kitu chochote. Wote walikwenda zao, nikanyamaza. Huyu simwachi. Nina miaka thelathini na tisa, Baba. Neno moja baya kwake, moja tu, na harusi tunaifanya Arizona kwa mama yake. Na huko huko tutakaa. Utakuwa unaniona kwenye simu, Krismasi."

"Alinitupia kiota."

"Kwenye simu, Baba."

Wendell alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Baada ya mavuno walikuwa wahamie ile nyumba ndogo ya ng'ambo ya barabara, yeye na Garrett wake, na Wendell alikuwa amekwisha kuibadilisha bati bila kumwambia mtu. Afadhali akose mkono kuliko kumkosa Krista. Na tangu Garrett aje, mwaka mzima sasa, alikuwa akimtendea kwa adabu ya kumtendea mkaguzi wa serikali: Bwana Garrett karibu, Bwana Garrett asante, Bwana Garrett ukipenda kiti kile pale.

"Sitasema neno," alisema.

"Kunywa kahawa yako," Marlys alimwambia. "Wewe na kutu yako." Alisema hivyo bila kumtazama, na Wendell hakupenda alivyosema.

Kabla ya chakula alirudi bandani peke yake kutafuta makosa. Alipitisha kidole chini ya tangi, nyuma ya rejeta, katikati ya spoki. Hakukuta tone lililochuruzika. Hakukuta unywele wa brashi. Jamaa alikuwa amefungua hadi vifuniko vya nati. Kazi ilikuwa safi, na hilo lilimuuma kuliko yote, kwa sababu fundi mbovu angemdharau na kulala usingizi.

Asubuhi walilipandisha kwenye trela kwa winchi, wakalipeleka uwanjani. Krista, mwenye akili zake, alimchukua Garrett moja kwa moja hadi hema la pai. Akina mama wa kanisa walimvika aproni na kumpa kisu. Wendell alibaki kwenye kiti chake cha kukunja, nyuma ya jekundu lile, akisubiri.

Wa kwanza kuja alikuwa Duane Stang, mwenyekiti wa kamati ya maonyesho. Duane na Wendell walisoma darasa moja tangu wakiwa na miaka sita. Duane ana trekta la kijani, chakavu la kupendeza, na kwa miaka kumi na moja amekuwa wa pili. Alilizunguka trekta la Wendell mara mbili. Halafu akavua kofia.

"Wendell."

"Duane."

"Hm. Ni tofauti."

"Ndiyo."

Duane alichuchumaa akatazama chini. Akainuka kwa shida. "Nani kafanya hivi?"

Hapo Wendell aliona mambo yote mbele yake kama barabara iliyonyooka. Akimtaja Garrett, hakuna mtu ambaye angemfokea Garrett, la. Wangekwenda mmoja mmoja hema la pai, wamtazame, wamwambie ni tofauti, wapumue kwa sauti puani. Ifikapo saa sita jamaa angekuwa ameelewa. Ifikapo jioni Krista angekuwa anafunga masanduku.

"Mimi," alisema.

"Wewe?"

"Mimi."

"Ulipiga msasa?"

"Hadi kwenye chuma."

Duane alirudi nyuma hatua moja, akavaa kofia yake taratibu, akamshika bega. Katika miaka sitini na nane ya kufahamiana hakuwahi kumshika bega. "Sawa, ndugu yangu," alisema kwa upole wa kutisha. "Sawa. Marlys yuko wapi?"

Habari zilizunguka uwanja kabla kahawa ya Wendell haijapoa. Watu walikuja wawili wawili. Walilitazama trekta, kisha wakamtazama yeye, kisha wakatazama viatu vyao. Mchungaji alikaa naye dakika kumi akaongea kwa sauti kubwa na polepole, akimweleza kwamba leo kuna jua. Halafu akaja LaVonne Kjos, mwuguzi mstaafu, jaji wa Nguo za Kazi, mwanamke asiyejua kuzunguka mambo.

"Wendell, mpenzi, leo siku gani?"

"Siku ya maonyesho."

"Na mkeo anaitwa nani?"

"Mwulize, huyo nyuma yako."

"Nakuuliza wewe."

"Marlys. Na wewe ni LaVonne, na mwaka 1966 ulidondoka kutoka kwenye gari la majani makavu ukiwa na taji la malkia wa tamasha la maziwa, ukaangukia tarumbeta kubwa ya Harlan Moe. Niendelee?"

LaVonne alimgeukia Marlys. "Kumbukumbu za zamani huwa hazipotei," alimnong'oneza, kwa mnong'ono wa kusikika hadi barabarani. "Zinazopotea ni hizi za juzi."

 Marlys alikuwa ameuma mdomo wa chini, na Wendell hakujua kama anazuia kilio au kicheko. Baada ya miaka hamsini ya ndoa alishuku kicheko.

Kufikia saa nne, vilikuwa vimeletwa vyombo vitatu vya viazi vilivyookwa na nyama ya kusaga na supu ya uyoga, vyote vimefunikwa vizuri, vimepangwa nyuma ya gari lake. Hapa kwetu chakula hicho hupelekwa kwa aliyefiwa, aliyeungua nyumba, au aliye njiani kufa. Wendell alivitazama akajua anazikwa mzima mzima, tena na mboga za kando.

Saa tano wakaja wanakamati watatu, Duane akiwa katikati. Walisimama kwa safu, wote wakitazama upeo wa mashamba kana kwamba kuna kitu kule.

"Mahindi yamesimama vizuri mwaka huu," Duane alisema.

"Si mabaya."

"Mvua ilikuja kwa wakati."

"Sema, Duane."

"Gwaride hilo, Wendell. Kuna watoto kando ya njia."

"Kila mwaka kuna watoto."

"Ndiyo. Kamati imeonelea mwaka huu upumzike. Ukae kivulini na Marlys, upunge mkono. Utepe wa mwaka jana ni wako, hakuna anayekunyang'anya. Ila kuongoza... nitaongoza mimi." Na tumtendee haki Duane: alijitahidi sana kutofurahi. Alijitahidi mpaka shingo ikawa nyekundu.

 Neno moja lingemrudishia Wendell kila kitu: akili zake, heshima yake, nafasi yake mbele ya gwaride. Lilikuwa jina tu la mtu, tena mtu wa Arizona. Aligeuka akatazama hema la pai. Garrett alikuwa amekata kipande kilichopinda kama kiatu cha zamani, akina mama wanamtania, na Krista kando yake anacheka, kichwa nyuma, unga shavuni. Wendell hakuwa amemwona akicheka namna hiyo tangu alipokuwa msichana wa shule. 

"Basi ongoza," alimwambia Duane.

Yaliyotokea hema la pai alisimuliwa baadaye. LaVonne alikuwa kwenye foleni, na alipofika kwa Garrett alimpa pole ya baba mkwe.

"Ana nini?" Garrett aliuliza.

"Hujui, mwanangu? Akili zimeanza kumtoka. Kalichukua trekta la baba yake, kutu yake yote, heshima yake yote, kalipaka rangi. Mtu mwenye akili timamu hawezi kufanya kitu kama hicho."

Garrett alisimama na kisu ndani ya pai. "Nani kasema kalipaka yeye?"

"Mwenyewe! Anamwambia kila mtu."

Wendell alichokiona kwa macho yake ni mwanamume mwenye aproni ya maua akikatiza uwanja mbio, kisu cha pai mkononi, watu wakimpisha, na Krista akimfuata nyuma anaita jina lake. Garrett alipanda gari la majani makavu pale kipaza sauti kilipokuwa, akamnyang'anya Duane, ambaye alikuwa anasoma mpangilio wa gwaride.

"Ni mimi!" alisema, na vipaza sauti vikapiga yowe. "Nimelipaka rangi mimi! Bwana Wendell hana wazimu! Mimi ndiye mpumbavu! Nilidhani... nilidhani ni zawadi. Niliona limechakaa. Hakuna aliyeniambia. Yeye alijua tangu jana na hakuniambia hata neno baya." Alifuta uso kwa aproni. "Samahanini. Mtu asinichukie kwa kuwa sijui. Au nichukieni, lakini mrudishieni gwaride lake."

 Tungekuwa watu wa kuzomea, ingekuwa nafuu kwake. Sisi tulitazama viatu vyetu. Watu mia nne, kila mtu anasoma kamba za viatu vyake. Mtu mmoja tu kule nyuma alisema, "Alaa, kumbe," na hilo ndilo lilikuwa kali kuliko yote.

Garrett aliweka kipaza sauti chini, kisu kando yake, akavua aproni akaikunja vizuri. Akashuka. Akaanza kuelekea kwenye maegesho. Krista alisimama pale kati, akamtazama baba yake. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu anayeaga, na Wendell aliogopa uso ule kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

Magoti yake hayapandi magari ya majani siku hizi. Alipanda. Marlys alimsukuma kwa nyuma, kwa mikono miwili, bila aibu.

"Garrett!" alisema kwenye kipaza sauti. Ilikuwa mara ya kwanza bila ubwana. "Simama hapo hapo. Na nyinyi mwache kutazama viatu, nitazameni mimi."

Tukamtazama.

"Miaka kumi na moja nawaambia ile kutu ni ya baba yangu. Si ya baba yangu. Baba alilinunua trekta lile jipya mwaka 1941, na lilikuwa hivi hivi, jekundu, kama mnavyoliona. Kila Jumapili baada ya ibada alilifuta kwa kitambaa na kulipaka nta. Akiwa na suti. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kulipanda na viatu vyenye samadi. Miaka thelathini na tatu, halikuwa na kutu ya kujaza kijiko cha chai."

 Duane alikuwa amesimama karibu naye, mdomo wazi.

"Mwaka 1974 nilinunua trekta langu la kwanza lenye kibanda cha dereva na redio. Banda halikuyatosha yote mawili. Nikalisukuma la baba nje, nyuma ya ghala, kwenye mvua. Baba alikuwa ananiita mpumbavu kila siku ya Mungu. Nikiacha geti wazi, mpumbavu. Nikioa, mpumbavu, ingawa yeye alimpenda Marlys. Siku ile hakuniita kitu. Alikwenda tu akaleta turubai akalifunika. Upepo ukaliondoa turubai. Akalifunika tena. Alilifunika miaka saba, mpaka alipokufa. Baada ya msiba hakuna aliyelifunika." Alihamishia kipaza sauti mkono wa pili. "Lilikaa pale miaka kumi na tano mingine. Kutu yote ile ni yangu mimi. Ni ya uvivu wangu. Mlikuwa mnaufunga uvivu wangu utepe wa bluu, na mimi nikiupaka mafuta."

Marlys, chini, alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa amelijua jambo hilo miaka yote.

"Jana nilipofungua mlango wa banda," Wendell alisema, "nilitaka kumwua huyu bwana. Lakini hiyo rangi ndiyo ambayo baba aliipenda. Kijana ambaye hakumjua hata kidogo kamfanyia kile ambacho mimi nilishindwa. Basi. Sina zaidi."

Safari hii watu walikuwa wanatazama mbele. Halafu Duane akavuta pumzi ndefu.

"Miaka kumi na moja," alisema, na kipaza sauti kikamdaka.

"Najua, Duane."

"Kutu yangu ni ya kweli, ya kazi! Mimi trekta langu lililala shambani usiku mmoja tu, na ni kwa sababu nilivunjika mguu!"

"Najua."

"Miaka kumi na moja nimekuwa wa pili kwa mvua!"

"Tepe zote ziko kabatini, nitakuletea. Ongoza gwaride, Duane. Ulistahili tangu zamani. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Duane alifikiri, akaona hana tena sababu ya kulalamika, na kwa mtu wa Hegre hiyo ni hasara. "Si mbaya," alisema hatimaye, akashuka kwenda kupiga trekta lake moto.

Saa saba kamili matrekta yalipangwa. Wendell alimpa Garrett hendeli.

"Mimi?" Garrett aliuliza. Macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Mimi nina miaka sabini na nne. Shika hivi. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vingine, usikizungushe. Injini ikirudisha teke, kidole kinakwenda nayo. Vuta juu, usisukume chini."

Garrett alivuta. Hamna kitu. Alivuta tena, injini ikamrudishia teke, akaruka kama aliyeng'atwa na nyuki, lakini kidole kilibaki chake. Mara ya tatu ikakohoa, ikapiga chafya, ikaanza kuunguruma. Watu wakapiga makofi, si mengi, kiasi cha heshima. Wendell akashika usukani, Krista akapanda nyuma, akasimama kwenye baa ya chuma ya kukokotea trela akishikilia madigadi, na Garrett akasimama upande wa pili. Wakaondoka.

Walikuwa hawajafika hema la kahawa wakati harufu ilipoanza. Garrett, kwa uangalifu wake wote, alikuwa amelipaka hata bomba la moshi, kwa rangi ile ile ya boneti, tabaka tatu. Bomba lilipopata moto, rangi ikaanza kutoka mapovu, kisha ikatoa moshi, moshi mzito mweusi wenye harufu ya ndoo ya plastiki iliyoangukia jiko la moto. Upepo ulikuwa unatoka nyuma. Wingu zima lilikwenda mbele, polepole, likamfikia Duane Stang, aliyekuwa ameketi wima juu ya trekta lake la kijani, kifua mbele, anapunga mkono kwa mara ya kwanza maishani mwake kama kiongozi wa gwaride. Likammeza. Tuliosimama kando ya njia tulisikia kikohozi, tukaona mkono tu, ukiendelea kupunga ndani ya moshi. Mtu huyo ana moyo, msimseme vibaya mbele yangu.

Wendell alizima injini, akashuka, akalitazama bomba. Tabaka la juu lilikuwa linadondoka vipande vipande kwenye boneti mpya na kuacha madoa meusi. Alilitazama kwa muda. Shingo ikaanza kumvimba.

"Bomba la moshi!" alifoka. "Bomba la moshi linapakwa rangi ya boneti? Linapata moto, wewe! Linapakwa rangi ya jiko, isiyoungua! Hata ng'ombe anajua! Siku mbili unapiga msasa, unatoa hadi vifuniko vya nati, halafu unakuja kupaka bomba la moshi kama kucha za bibi harusi! Mpumbavu mkubwa wewe!"

Gwaride zima lilisimama. Marlys alifunika macho. Krista alishuka kutoka kwenye baa, akaja taratibu hadi mbele ya baba yake, akasimama.

"Baba, umemwitaje?"

"Mpumbavu," Wendell alisema, bado anahema. "Baba yangu aliniita hivyo miaka thelathini, na shamba akaniachia mimi. Garrett, lete spana. Hilo bomba tunalifungua leo leo."

Garrett alikuwa amekwisha kulifungua sanduku la spana.